Usilipie kipimo cha udongo kabla hujauliza swali hili

Ndugu mkulima, na wewe muuza pembejeo, siku hizi kuna vifaa vya mkononi vinavyopima udongo kwa eksirei. Wapimaji huviita XRF. Kwa dakika chache tu kioo kinaonyesha chuma, zinki, kalsiamu na potasiamu. Shida ni kwamba kifaa kilichopotoka nacho hutoa namba, na namba hiyo ndiyo utakayonunulia mbolea.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kulipa, muulize mpimaji, "Udongo wako wa kulinganishia uko wapi?" Kama hana, baki na hela yako.

Mizani ya dukani huhakikiwa kwa mawe ya uzito unaojulikana. XRF nayo ina jiwe lake: udongo uliokwisha kupimwa, wenye cheti cha viwango vyake. Mfano ni udongo wa San Joaquin, namba 2709a, unaouzwa na taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST. Chuma chake ni asilimia 3.36. Kifaa kikisema 2, kosa ni la kifaa.

Kifaa hupotoka kwa sababu bomba la miale huchakaa, joto hubadilika, au kidirisha kimeshika vumbi. Kwa hiyo udongo huo upimwe asubuhi, katikati ya kazi na mwisho wa siku, na majibu yaandikwe daftarini. Mwongozo wa EPA ya Marekani unataka tofauti isizidi asilimia 20. Ikizidi, kifaa kirekebishwe, na sampuli zote zilizopimwa tangu jibu zuri la mwisho zirudiwe.

Wapo watakaosema hilo linachelewesha kazi. Ni dakika chache tu, lakini mbolea isiyofaa hula mtaji wa msimu mzima.

Kumbuka pia mambo mawili. Udongo wenye maji hushusha viwango, hivyo kausha na uchekeche kwanza. Tena, XRF haipimi naitrojeni, na huonyesha jumla ya kirutubisho, siyo kile mmea unachoweza kukichukua. Kwa mbolea, usiitegemee peke yake. Pata na kipimo cha maabara.

Omba majibu ya udongo wa kulinganishia yaandikwe kwenye karatasi moja na majibu ya shamba lako. Ni haki yako, kama ilivyo haki ya mteja kuiona mizani.