Sheria ni msumeno, lakini mpini umeshikwa na nani?

Wahenga walinena kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wanasiasa wetu huupenda msemo huu, hasa siku ile msumeno unapomkata mpinzani wao. Siku unapowageukia wao wenyewe, msemo husahaulika, na badala yake tunasikia malalamiko kwamba majaji wameingilia kazi isiyo yao.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya mzee mmoja, jirani yangu hapa Embu, mkulima wa kahawa. Mnamo Februari 2018, siku chache baada ya wakili Miguna Miguna kutiwa ndegeni usiku na kupelekwa Kanada, mzee huyo alinisimamisha njiani akiwa na furaha tele. "Mwalimu," aliniambia, "serikali imefanya kazi. Yule mtu amerudishwa kwao." Nilifahamu kwamba kifunguamimba wake alikwenda Marekani kusoma, akabaki huko, na akachukua uraia wa nchi hiyo kabla ya mwaka wa 2010. Nilitaka kumwuliza mzee, je, kwao na kijana huyo ni wapi? Heshima ya umri ilinizuia. Ama niseme kweli: kilichonizuia kilikuwa woga. Huku kwetu wengi walikuwa upande wa serikali, nami sikutaka kuonekana nimesimama upande wa pili.

Miaka michache baadaye mzee huyo alibisha hodi kwangu. Alikuwa ameamua kuwagawia wanawe shamba angali hai, kama desturi inavyomwelekeza mtu mwenye busara. Aliyemwendea kwa ushauri alimtahadharisha kuhusu yule wa Marekani. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema kuwa mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodishiwa, na kwa muda usiozidi miaka 99. Kijana akitaka kurithi kama wenzake, aliambiwa, sharti kwanza atume maombi arudishiwe uraia wake. Mzee alinitazama kwa uchungu. "Mwalimu, mwanangu aliyezaliwa hapa aombe kuwa Mkenya?"

Swali la mzee ndilo lile lile lililokuwa mbele ya mahakama katika kesi aliyoishangilia.

Tuyatazame maneno yenyewe, kwa kuwa mzozo mzima ulizaliwa na maneno. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 97, ilikataza uraia wa nchi mbili. Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake alipoteza ule wa Kenya. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iligeuza mkondo. Kifungu cha 16 kinasema kuwa raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Lakini kifungu cha 14 kina ibara inayowataja wale ambao, kufikia siku hiyo ya kuzinduliwa, walikuwa wamekwisha kukoma kuwa raia kwa sababu hiyo. Hao, inasema, wana haki ya kuurejesha uraia wao, wakituma maombi.

Mwanaisimu akiyasoma maneno hayo huona mara moja mahali pa kugombaniwa. Kitenzi "hapotezi" kiko katika wakati gani? Je, kinatazama mbele tu, au kinawafunika hata waliochukua uraia wa kigeni miaka ya nyuma? Aidha, ile ibara ya "wakituma maombi" inachukulia kwamba wako watu waliokwisha kuupoteza uraia, kwa maana mtu harejeshi kitu ambacho hakikumtoka. Serikali ilishika upande huo wa maombi. Upande wa mlalamishi ulishika haki ya kuzaliwa. Sisemi kwamba usomaji wa serikali ulikuwa wa kipuuzi. Ulikuwa na mguu wa kusimamia katika sarufi ya Katiba yenyewe.

Ila serikali haikuupeleka usomaji wake mahakamani ukapimwe. Iliupeleka uwanja wa ndege.

Tukumbushane yaliyotokea. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga aliapishwa katika bustani ya Uhuru kuwa "rais wa wananchi", na Miguna alikuwa kando yake. Siku tatu baadaye Miguna alikamatwa. Mahakama Kuu iliamuru afikishwe mbele yake, hakufikishwa. Usiku wa tarehe 6 Februari alisafirishwa nje ya nchi. Kesho yake Jaji Mkuu David Maraga alitoa taarifa kulalamikia kudharauliwa kwa amri za korti. Miguna aliporudi tarehe 26 Machi alizuiliwa uwanjani Jomo Kenyatta, na kabla ya juma kwisha alikuwa Dubai. Jaji George Odunga aliwapata Waziri Fred Matiang'i, Inspekta Jenerali wa Polisi na Katibu wa Wizara anayesimamia uhamiaji na hatia ya kudharau mahakama, akawatoza kila mmoja faini ya shilingi 200,000. Mnamo Desemba mwaka huo huo, Jaji Chacha Mwita aliamua kuwa haki za Miguna zilikiukwa, akaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 7. Hata hivyo, alipojaribu kurudi mwaka wa 2020 na tena mwaka wa 2021, hakuruhusiwa hata kupanda ndege.

Tusisahau pia kwamba katika uchaguzi wa Agosti 2017 jina la mtu huyu lilikuwa kwenye karatasi ya kura, akiwania ugavana wa Nairobi. Dola iliyomwona kuwa raia wa kutosha kugombea kiti ilimwona mgeni miezi sita baadaye. Hata angalikuwa mgeni kweli, Katiba hiyo hiyo inampa kila mtu, wala haisemi kila raia, haki ya kusikilizwa kabla ya ofisi ya serikali kumchukulia hatua ya kumdhuru.

Hapa ndipo penye fundisho. Wakati ule wafuasi wa Jubilee walisema majaji wanafanya siasa, na wafuasi wa upinzani walisema majaji ndio ngao ya mnyonge. Tarehe 9 Machi 2018 Raila na Rais Uhuru Kenyatta walipeana mkono, na sauti nyingi zilizokuwa zikimtetea Miguna zikapoa. Mnamo Oktoba 2022, serikali ya William Ruto ilimfungulia mlango akarudi nyumbani. Ruto huyo ndiye aliyekuwa Naibu wa Rais siku Miguna alipofukuzwa. Baina ya 2018 na 2022 Katiba haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni nani anamhitaji nani. Ikiwa maana ya kifungu hutegemea urafiki wa wakubwa, basi hatuna kifungu. Tuna hisani, na hisani ya leo si deni la kesho.

Wako watakaosema kuwa Miguna ni mtu mmoja tu, tena mwenye maneno makali, na kuwa dola ina mambo mazito zaidi ya kulinda. Ni kweli dola ina mzigo. Septemba 2013 magaidi waliua watu 67 katika jumba la Westgate. Aprili 2015 waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, na sina haja ya kufunzwa hofu hiyo. Mzazi anayemlilia mtoto wake hataki kuelezwa habari za vitenzi.

Lakini hata katika jambo hilo la usalama, mahakama haikuifunga serikali mikono kama inavyodaiwa. Mwishoni mwa mwaka wa 2012 iliamriwa kwamba wakimbizi wote walioishi mijini wahamishiwe kambi za Dadaab na Kakuma. Julai 2013 Mahakama Kuu ilibatilisha amri hiyo, na sababu yake inafaa ikumbukwe: haitoshi kutamka neno "usalama"; sharti serikali ionyeshe uhusiano kati ya watu wanaoadhibiwa na hatari yenyewe. Desemba 2014 Bunge, katika kikao cha vurugu, lilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha wakimbizi nchini kuwa 150,000, ilhali wakati huo walikuwa zaidi ya nusu milioni. Februari 2015 majaji walikifuta kifungu hicho. Mwaka wa 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab. Februari 2017 Jaji John Mativo alisema hapana.

Mara tatu serikali ilishindwa, na mara tatu ilishindwa kwa jambo lile lile: ilitaka kutenda kwa halaiki kile ambacho sheria inataka kitendwe kwa mtu mmoja mmoja, kwa ushahidi. Sheria ikisema "mkimbizi asirudishwe mahali ambapo uhai wake umo hatarini", haimzuii polisi kumkamata mhalifu aliye mkimbizi. Inamzuia tu kulifanya neno "mkimbizi" liwe na maana ya "mhalifu". Hilo nalo ni jambo la lugha kabla ya kuwa jambo la siasa.

Wala tusidhani kuwa maradhi haya ni yetu peke yetu. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwa kauli moja kwamba mpango wa kuwapeleka Rwanda watu wanaoomba hifadhi ulikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa Rwanda haikuwa mahali salama kwao. Serikali ya London ilifanya nini? Aprili 2024 ilipitisha sheria inayowataka majaji waichukulie Rwanda kuwa salama. Bunge lilijaribu kuliamrisha neno libebe maana ambayo ushahidi ulikataa. Julai mwaka huo serikali mpya ya Keir Starmer iliuacha mpango huo. Walakini tuwape Waingereza haki yao: waliposhindwa kortini walirudi bungeni. Hawakuwatia watu ndegeni usiku huku amri ya jaji ikiwa mezani.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoomba tuizingatie. Kutofautiana juu ya maana ya sheria si kosa, kwani lugha yoyote ina mapengo, na mtungaji wa sheria hawezi kuona kila jambo la kesho. Jaji naye ni binadamu, na hukumu yake yaweza kuwa na kasoro. Dawa ya hukumu yenye kasoro inajulikana. Kata rufaa. Ukishindwa, nenda Bungeni ukabadilishe sheria mchana, wananchi wakitazama. Kuidharau amri ni kusema kwamba neno la mwisho ni la mwenye bunduki, na hapo hakuna haja ya kuwa na kamusi, wala Katiba.

Kwa upande wetu sisi wananchi, kiko kipimo chepesi ambacho kila mtu anaweza kukitumia bila kusomea uanasheria. Kabla ya kuishangilia au kuilaani hukumu, lifute jina la mshtakiwa, kisha uliandike la mtoto wako. Je, bado unataka kifungu kisomwe vile vile? Kama jibu ni ndiyo, shangilia. Kama ni la, jua kwamba unaufurahia mkuki kwa sababu umemchoma nguruwe.

Na liko jukumu la sisi tunaojiita wataalamu wa lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7. Hata hivyo, kifungu cha 259 kinasema kuwa pakitokea tofauti kati ya matoleo ya Katiba, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Kwa hiyo mwananchi anatawaliwa kwa lugha moja na kuongea kwa nyingine. Chukua lile neno la maombi. Katika Kiswahili, mtu anayetafuta kazi huomba, muumini huomba, na maskini barabarani huomba. Mwenye haki haombi, hudai. Karani aketiye nyuma ya dirisha akimsikia mtu "anaomba" uraia, hujiona mtoaji wa sadaka, ilhali Katiba imemwambia kuwa aliye mbele yake ana haki ya kupewa. Tukiacha maneno ya sheria yatafsiriwe ovyo, tunawapa watumishi wa umma kiburi wasichostahili.

Nilimweleza mzee haya yote siku ile, polepole, na safari hii sikunyamaza. Nilimwambia kuwa mwanawe atatuma maombi, ndiyo, lakini si kama ombaomba. Ni kama mtu anayechukua kilicho chake. Kisha nikamkumbusha, kwa adabu, maneno aliyoniambia njiani mwaka wa 2018.

Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Kumbe siku ile walikuwa wanamsoma mwanangu."

Naam, mzee. Na wana wetu wengine.