“Waende zao!” Kenya ilishangilia, kisha nusu wakarudi

Alhamisi ya Julai 11, 2024, Rais William Ruto aliwafuta kazi mawaziri wote pamoja na Mwanasheria Mkuu. Aliyesazwa ni Musalia Mudavadi pekee. Mtandaoni ikawa sherehe. Wa Kiingereza wakaandika “good riddance”, wa Kiswahili wakasema waende zao, tena wasirudi.

Furaha ile ilikuwa na sababu. Wiki mbili kabla, vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni na polisi wakafyatua risasi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu (KNCHR) baadaye ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika maandamano hayo.

Shangwe haikumaliza hata siku kumi. Julai 19 yakatoka majina 11 ya kwanza, na sita kati yake ni ya wale wale. Kithure Kindiki akarudishwa Usalama wa Ndani, wizara yenye dhamana ya usalama siku zile watu wakiuawa. Alice Wahome akarudi Ardhi. Aden Duale na Soipan Tuya walibadilishana viti tu: yeye Mazingira, Tuya Ulinzi. Orodha ya pili ikawaleta Kipchumba Murkomen, Alfred Mutua na wenzao, pamoja na wanasiasa wanne wa ODM, chama cha upinzani. Bunge lilimkataa mteule mmoja tu, na wala hakuwa wa zamani!

Sheria haikuvunjwa. Ibara ya 152 ya Katiba inampa rais uwezo wa kuteua na kufuta, na haimzuii kumwita tena aliyemfuta juzi. Ndiyo maana naona kufuta kule kulikuwa rahisi kwake: kulipoza hasira za mtaani, na mlango wa kurudi alibaki nao yeye.

Angalia walipo sasa. Kindiki aliapishwa Naibu Rais Novemba 2024, baada ya Rigathi Gachagua kung’olewa. Desemba Murkomen akahamishiwa Usalama wa Ndani. Na Justin Muturi? Yule Mwanasheria Mkuu alirudi kama Waziri wa Utumishi wa Umma, kisha akaanza kulalamika hadharani kuhusu utekaji wa vijana, maana hata mwanawe alitekwa wakati wa maandamano. Machi 2025 akafutwa tena, na safari hii hakukuwa na orodha ya pili.