Almasi Hupimwa kwa Elimu

Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilikuwa na uzito wa karati 54.5. Ilipokatwa mjini London ilibaki karati 23.6 tu. Zaidi ya nusu ya jiwe iliondolewa kwa makusudi ili ubora wake upatikane. Mwanafunzi akiulizwa sababu, atajibu nini?

Wengi wetu hudhani kuwa ubora wa almasi ni siri ya matajiri. La hasha! Ni mambo manne yanayopimika: uzito, rangi, usafi na mkato. Karati moja ni gramu 0.2. Rangi hupangwa kwa herufi, tangu D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, yenye umanjano ulio dhahiri. Umanjano huo kwa kawaida hutokana na naitrojeni iliyojipenyeza miongoni mwa kaboni. Mawe ya waridi au ya buluu huwekwa nje ya ngazi hiyo. Kwayo, kukolea kwa rangi ndiko sifa. Usafi nao hukaguliwa kwa lenzi ikuzayo mara 10. Jiwe lisiloonyesha dosari yoyote chini ya lenzi hiyo huhesabiwa kuwa safi.

Mkato ndio kazi ya mwanadamu. Nuru iliyo ndani ya almasi ikiufikia uso kwa pembe izidiyo nyuzi 24 hivi, ikipimwa kutoka mstari ulio wima juu ya uso huo, haitoki bali huakisiwa ndani. Fundi stadi hupanga nyuso ili nuru imrudie mtazamaji. Pembe zikikosewa, nuru huvujia chini, na jiwe hupooza hata likiwa zito na safi.

Hiyo ni fizikia ya sekondari. Almasi imechimbwa Mwadui tangu mwaka 1940, lakini vijana wetu wangapi waweza kueleza jiwe hilo hupimwaje? Asiyejua kupima mali yake hana budi kukubali kipimo cha mnunuzi, na mnunuzi hana haja ya kuzificha dosari za jiwe asilolilipia bado.

Kwa maoni yangu, tusingoje maabara ya fahari. Ndugu walimu, lenzi moja ya mara 10, punje za chumvi ya mawe na kipande cha kioo vyatosha kuanzia. Mwanafunzi atafute dosari, azichore, kisha ayapange mawe yake kwa ngazi na kutetea uamuzi wake mbele ya wenzake. Atakuwa amejifunza kwamba thamani ina sababu, na kwamba sababu hiyo yachunguzika.