Kidole ni cha nani? Juu ya masharti ya labo yetu

Tunaandika juu ya labo, na tunaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Ku mlango wa labo kunabandikwa karatasi ya masharti. Kila moja wetu anaijua kwa kichwa, juu tuliikopia tukiwa bado wapya. Kuvaa bluze. Kufunga nywele. Kutokula na kutokunywa. Kutovuta asidi kwa kinywa. Asidi inamwagwa ndani ya maji, maji hayamwagwi ndani ya asidi, maana yatachemka mara moja na kuruka usoni. Anayevunja chupa atalipa. Hii ya mwisho imepigwa mistari mbili chini, na wazazi wetu wanaijua kuliko sisi.

Hayo yote ni mazuri. Lakini soma karatasi yote, toka juu mpaka chini: inalinda vyupa, inalinda meza, inalinda macho. Haisemi hata neno moja juu ya siku ile mwili wa mwanafunzi mwenyewe unakuwa kitu cha kupimwa. Na katika somo la fiziolojia siku hizo ni nyingi. Tunahesabu mapigo ya moyo mbele ya kupanda ngazi na nyuma yake. Tunagonga goti kusudi mguu uruke. Tunatema mate ndani ya uji wa muhogo, halafu tunaweka iyode tuone kama rangi ya bluu itakuja ama haitakuja. Na siku moja tunatoboa kidole tujue damu yetu ni A, B, AB ama O.

Ile siku ya damu njo tunataka kusimulia. Tulikuwa wanafunzi 41. Ndani ya sanduku kulibaki sindano ndogo za kutoboa vidole 10 tu. Tukaambiwa tupanguse kila moja na pamba ya alkoli, tupitishe kwa mwenzetu. Tukapitisha. Kwa meza ya tatu dada mmoja akaficha mikono nyuma, akasema: "Miye sitaki batoboe kidole yangu na ile sindano." Watu wakacheka. Mmoja akamuuliza kama anaogopa kitu gani kitaonekana ndani ya damu yake. Na sisi, tulio na daftari ya nidhamu, tukaandika jina lake: amekataa kazi. Alifanya azabu ya kufyeka nyuma ya kapela siku mbili.

Leo tunasema wazi: yeye alikuwa na haki, sisi ndio tulivunja sharti, hata kama lile sharti halikuwa limeandikwa.

Kwa nini tunasema hivi? Virusi ya hepatiti B inaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na zaidi, na bado ikaweza kuambukiza. Tone la damu ambalo jicho halioni linatosha. Kupangusa na alkoli hakugeuzi sindano iliyotumika kuwa mpya. Na sisi Wakongomani si watu wa kufundishwa jambo hili na wageni. Mwaka 1976, kule Yambuku, Ebola ilipoonekana mara ya kwanza katika inchi yetu, watu 318 waligonjwa, na 280 kati yao wakakufa. Wengi waliipata kwa sindano. Katika ile hospitali, waliokuja kutibiwa na kurudi kwao walikuwa wanapigwa na sindano 5 tu zilizotolewa kila asubuhi, na kati ya mgonjwa na mgonjwa zilikuwa zinasukutwa tu na maji. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Walikuwa na sindano kidogo na watu wengi, sawa vile sisi na sanduku yetu ya 10.

Wengine watatuambia: "Ninyi munataka kuwa waganga, munaogopa damu? Ku univerisite mutafanya nini?" Swali ni zuri, juu wengi wetu tunaota fakilte ya dawa, Bukavu ama Kinshasa, na huko labo ya fiziolojia haina mchezo: unafika umesoma kazi mbele, unachelewa unabaki nje, unaandika hesabu zako papo hapo. Lakini mganga haogopi damu na pia hacheze nayo. Karl Landsteiner, mtu wa Vienna aliyevumbua makundi ya damu (aliandika mwaka 1901, akapata zawadi ya Nobel mwaka 1930), alianza na damu yake mwenyewe na ya wenzake wa kazi. Mkubwa alitoa kwanza. Tunapenda sana jambo hili.

Tena kuna neno la kukubali. Mwaka 1947, kule Nuremberg, mahakama iliyohukumu waganga wa utawala wa Hitler waliotesa wafungwa kwa jina la sayansi iliandika masharti 10. La kwanza kabisa: mtu anayefanyiwa jaribio akubali mwenyewe, bila kusukumwa. Labo yetu si kambi ya wafungwa, Mungu apishe mbali. Lakini mtoto wa miaka 16 mwenye kuchekwa na kalasi nzima, na daftari ya nidhamu iko wazi mbele yake, amekubali kweli?

Iko na jambo lingine, dogo kwa macho. Hesabu za mwili wa mtu zinasemwa kwa sauti. Mwezi uliopita kaka mmoja alikuwa na mapigo 112 akiwa ameketi kimya. Ikaandikwa ubaoni pamoja na jina lake, wakamwita "mwenye mapenzi" siku nzima. Kesho yake alilala na malaria. Homa njo ilikuwa inakimbiza moyo. Kama tungekuwa na akili ya sayansi tungeuliza, hatungecheka. Na matunda yake ni haya: tulipopima tena, karibu kalasi yote iliandika 72, juu ndiyo hesabu iliyo ndani ya kitabu. Hakuna aliyepima! Moyo wa mtu mzima anayepumzika unaweza kupiga 60 mpaka 100 kwa dakika, na kila moja ana wake. Mwenye kuogopa kuchekwa atadanganya, na labo ya uongo ni afadhali ifungwe.

Basi tunaomba hivi kwa Bwana Prefe wa masomo na walimu wetu wa biolojia. Sindano moja, mtu mmoja, halafu inatupwa. Kama ziko 10, watoe watu 10 waliokubali, wengine tutazame. Tone moja linafundisha meza nzima. Zilizotumika ziingie ndani ya kopo gumu lenye kifuniko, zisiachwe ndani ya taka, maana Siku ya Posho ni wadogo wa kalasi ya kwanza wanaofagia labo kwa mikono mitupu. Ubaoni tuandike namba, pasipo majina. Na anayekataa asiulizwe sababu mbele ya watu. Apewe kazi ya kuhesabu ama kuandika, na pointi zake zisipunguzwe. Feza za sindano, kamati ya wazazi inaweza kuzizungumuzia pale inapozungumuza juu ya vyupa vilivyovunjika.

Jina la dada yule tumelifuta katika daftari juzi, na tumemwomba msamaha. Alijibu tu: "Sawa, lakini muandike ile sharti." Tumeiandika kwa mkono kwenye nusu karatasi, iko ku mlango wa labo, chini ya ile ya chupa. Haijapata kashe ya masomo bado.