Gari la Nyayo: Mtangulizi Asiyefuatwa

Kila nifikapo Muhuru Bay huona omena wakipakiwa juu ya bodaboda, gunia juu ya gunia, tayari kwa safari ya Migori. Hapo hujiuliza: mbona taifa lenye wahandisi hodari halijamuundia mchuuzi huyu gari dogo la bei nafuu?

Si kwamba hatukujaribu. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata likiwa na sura mbaya au mwendo wa pole. Wahandisi waliitika, na mwaka 1990 magari matano ya majaribio yakazinduliwa Kasarani. Shirika likaundwa ili kuyatengeneza kwa wingi, lakini fedha hazikupatikana. Mradi ukafa kabla mwananchi wa kawaida hajanunua hata moja.

Nikiwa mwanaisimu, hushangazwa na jina lenyewe: Nyayo Pioneer. Neno la pili, kwa Kiingereza, ni mtangulizi, apitaye pasipo njia. Mtangulizi hafuati nyayo, huziacha. Jina hilo lilibeba mgongano wa mradi wenyewe: ubunifu ulioagizwa kutoka juu, ukategemea hazina ya aliyeuagiza. Hazina ilipokauka, nao ukakauka.

Kampuni ya Mobius, iliyoanzishwa na Mwingereza Joel Jackson, ilishika njia tofauti: mtaji wa watu binafsi na gari sahili la barabara mbovu za mashambani. Nayo, Agosti 2024, ilitangaza kufunga milango kwa sababu ya kodi na madeni, kabla ya kupata mnunuzi mpya. Ilikuwa ikishindana na magari kuukuu kutoka Japani, ambayo gharama ya kuyabuni ilikwisha kulipwa na mnunuzi wa kwanza huko ng'ambo. Kiwanda kichanga hakiwezi mashindano hayo bila sera ya kodi inayokilea.

Basi, walimu wenzangu, tusiwafunze wanafunzi kulicheka Gari la Nyayo. Tuwafunze kulichambua: nani aligharimia, nani angenunua, na kwa nini uzoefu wa wahandisi wale haukuwa msingi wa jaribio lililofuata. Hasara yetu kubwa si magari yale matano, bali ni kuanza upya kila mara. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.