Maktaba za Pamoja za Kompyuta Zisiwe Shamba la Bibi

Neno “maktaba” katika kazi ya kompyuta halina maana ya nyumba ya vitabu. Ni faili yenye amri zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo programu nyingi huziazima badala ya kila moja kujiandikia zake. Programu ya kuchora ramani, ya kutunza hesabu na ya kusoma barua zaweza zote kutegemea maktaba moja. Katika mfumo endeshi wa Linux maktaba hizo hukaa katika folda za pamoja, hasa /usr/lib, na programu inapoanzishwa mfumo huzitafuta kwa kufuata njia zilizopangwa kwa zamu. Inayopatikana kwanza ndiyo itumikayo, hata kama ile iliyokusudiwa iko folda ya pili.

Miaka michache iliyopita niliitwa katika maabara ya chuo kimoja mkoani Iringa, ambacho sikusudii kukitaja. Wanafunzi walikuwa wakichora ramani za misitu ya Mufindi kwa programu ya QGIS, na kazi hiyo ilipaswa kukabidhiwa siku ya tatu. Asubuhi hiyo QGIS ilikataa kufunguka katika kompyuta kuu inayohudumia chumba kizima. Ililalamika kwamba kuna amri isiyoonekana katika SQLite, maktaba itunzayo majedwali ya takwimu. Maktaba yenyewe ilikuwapo. Tena zilikuwa mbili. Ya kwanza ililetwa na mfumo wa vifurushi, yaani ule utaratibu unaosimika programu na kuandika daftarini kila faili imetoka wapi na nani anaitegemea. Ya pili ilitengenezwa na kijana mmoja hodari aliyehitaji toleo jipya kwa kazi yake, akaisimika katika /usr/local/lib, njia ambayo kompyuta ile iliitazama kwanza. Zote zilikuwa na jina moja na namba moja ya mapatano, ile namba inayoahidi kwamba programu iliyozoea moja itaweza kuitumia nyingine. Lakini kijana alipoitengeneza hakuwasha sehemu fulani ambayo QGIS huihitaji, kwa kuwa yeye hakuihitaji. Kazi yake ilikwenda vizuri. Ya wenzake wote ilisimama, na hakuna hata mmoja aliyejua wa kumuuliza.

Mkulima wa Usangu angeuelewa mkasa huu upesi kuliko wengi wetu. Maji ya Mbarali hayaishii mkoani Mbeya. Huingia Ruaha Mkuu, hupita katika hifadhi na kufika Mtera. Mnamo 1993 mto huo ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na matumizi ya maji huko juu ni sababu kubwa. Si kwamba alikuwapo mtu mwovu. Kila mmoja alifungua banio lake kwa haja iliyo halali, bila kuona shamba la aliye chini yake.

Kwa maoni yangu folda ya pamoja sharti iwe na mwenye daftari mmoja. Mpango wa folda unaofuatwa na mifumo ya Linux ulitolewa kwa mara ya kwanza Februari 1994, na ugawaji wake bado ni wa busara: /usr ni ya mfumo wa vifurushi, /usr/local ni ya msimamizi wa mahali. Msimamizi, nasema, wala si kila aliyepata neno la siri, ambalo katika maabara zetu hugawiwa kama karanga. Mwenye haja yake binafsi asimike katika folda yake mwenyewe, na aielekeze programu yake peke yake huko. Waandishi wa Python wanayo njia nyepesi ya kufanya hivyo. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilianza kuwakatalia kusimika vitu vyao katikati ya mali ya mfumo kwa amri ya kawaida ya pip. Wako walionung’unika, mimi nilishangilia.

Wengine watasema heri kila programu ibebe maktaba zake zote, ugomvi uishe. Kwa utafiti ambao matokeo yake yatahakikiwa tena baada ya miaka kumi, nakubaliana nao. Walakini wakumbuke mwaka 2002, ilipogunduliwa kasoro ya usalama katika zlib, maktaba ya kubana faili. Programu zilizoiazima kutoka folda ya pamoja zilipona kwa kubadilisha faili moja. Zile zilizokuwa zimeimeza ndani yao ilibidi zitafutwe moja moja na kutengenezwa upya. Nani angeifanya kazi hiyo katika maabara yenye fundi mmoja, tena anayenunua bando kwa fedha zake?

Hata hivyo katazo tupu halitoshi. Kijana yule alijitengenezea maktaba kwa sababu toleo la vifurushi lilikuwa kuukuu na ombi lake halikuwa na mahali pa kupokelewa. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Iringa kuna Mkwawa, na barabara kuu ni moja. Yafaa vyuo vya mikoa hii miwili viwe na hazina ya pamoja ya vifurushi, inayopakuliwa mara moja kutoka nje na kusambazwa kwa wote, pamoja na mtu wa kupokea maombi ya matoleo mapya na kuyajaribu kabla hayajafika kwa wanafunzi.

Ile kompyuta ya Iringa tuliitengeneza kabla ya saa ya chai: tuliihamisha SQLite ya kijana kwenye folda yake, tukauamuru mfumo uandike upya orodha ya maktaba, na ramani zikafunguka. Kisha tukatundika daftari karibu na mlango, kila anayegusa folda za pamoja aandike alichoweka na sababu yake. Mstari wa kwanza aliuandika yeye mwenyewe, na akaomba SQLite mpya.