Afya ya jamaa: Kwa nini mgonjwa asile kabla ya kupasuliwa?

Siku moja tulikuwa tumeketi barazani mwa hospitali, pamoja na jamaa za wagonjwa waliongojea zamu yao ya kupasuliwa. Karibu nasi alikaa bibi mmoja na mjukuu wake, mtoto wa miaka sita hivi, aliyekuwa na ugonjwa wa ngiri. Mtoto alilia njaa, kwa maana walikatazwa kumpa chakula tangu usiku. Bibi akamhurumia. Akatazama huku na huku, akatoa ndizi mbivu chini ya kitenge chake, akamnong'oneza: «Kula upesi, baba, wasikuone.»

Baada ya kitambo alikuja mwuguzi, akauliza: «Mama, mtoto huyu amekula kitu?» Bibi akanyamaza. Mwuguzi akauliza mara ya pili kwa upole, na bibi, ambaye hakuzoea kusema uongo, akaonyesha ganda la ndizi. Basi, mtoto hakupasuliwa siku ile. Akaahirishwa mpaka kesho. Bibi alinung'unika sana: «Mtoto mwenye njaa atapata wapi nguvu za kuvumilia kisu?»

Swali lake si la kipumbavu. Wengi wetu twauliza vivyo hivyo mioyoni mwetu. Ndiyo sababu leo twataka kueleza jinsi dawa za kuondoa maumivu ya kisu zinavyofanya kazi, na kwa nini ndizi moja yaweza kuwa hatari kuliko kisu chenyewe.

Zamani kupasuliwa kulikuwa mateso makubwa. Watu wenye nguvu walimshika mgonjwa, na daktari aliyesifiwa ni yule aliyekata upesi kuliko wenzake. Mambo yalianza kubadilika tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, katika Marekani. Siku ile mganga wa meno, jina lake William Morton, alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha mpaka akalala, kisha daktari John Warren akamkata uvimbe uliokuwa shingoni. Mgonjwa hakupiga kelele. Mwaka uliofuata, 1847, James Simpson wa Edinburgh alianza kutumia klorofomu kwa wanawake waliozaa.

Dawa hizo ni za namna mbili, nazo hazifanyi kazi kwa njia moja.

Ya kwanza ni dawa ya ganzi. Mwilini mwetu mna mishipa ya fahamu, iliyo kama nyaya za simu. Mwiba ukichoma kidole, habari hukimbia katika mishipa hiyo mpaka uti wa mgongo, na toka hapo mpaka ubongo. Ndipo tunapojua kwamba tumeumia. Habari hiyo husafiri kwa nguvu ndogo ya umeme. Umeme huo huzaliwa wakati chembe za sodiamu, ile iliyomo katika chumvi ya chakula, zinapoingia ndani ya mshipa kwa kupita milango midogo sana. Dawa ya ganzi huifunga milango hiyo. Jeraha lipo, lakini habari yake haifiki. Baadaye damu huiondoa dawa polepole, milango hufunguka, na mtu husikia tena kama kawaida.

Mwaka 1884, mjini Vienna, daktari Carl Koller alionyesha kwamba jicho laweza kutiwa ganzi kwa matone ya kokaini, dawa itokayo katika majani ya mti wa koka. Lakini kokaini ina sumu, tena humfunga mtu kwa tamaa. Kwa hiyo wataalamu walitafuta dawa nyingine zilizo salama zaidi. Mojawapo ni lidokaini, iliyotengenezwa Uswidi mwaka 1943, ambayo mpaka leo waganga wa meno huitumia wanapong'oa jino. Tena daktari aweza kuingiza dawa ya ganzi kwa sindano nyembamba mgongoni, sehemu ya kiuno. Hivyo mama anayezalishwa kwa kupasuliwa hasikii uchungu wa kisu, lakini macho yake yako wazi, naye hukisikia kilio cha kwanza cha mtoto wake.

Ya pili ni dawa ya usingizi, ambayo wengine huiita nusukaputi. Hiyo haikomi mahali pamoja. Huenda na damu mpaka ubongoni, ikazuia sehemu za ubongo zisipashane habari. Mgonjwa huivuta kwa pumzi, au huingizwa katika mshipa wa damu kwa sindano. Lakini tusidanganywe na jina lake. Usingizi huo si kama ule wa usiku. Mtu aliyelala nyumbani, mate yakimpalia, hukohoa na kuamka. Aliyelazwa kwa dawa hawezi. Pamoja na akili yake hulala pia ule ulinzi wa koo, unaofunga njia ya pumzi tunapomeza, na ule unaotufanya tukohoe. Hata pumzi yenyewe yaweza kupungua. Kwa hiyo mtaalamu wa dawa hizo hamwachi mgonjwa hata dakika moja. Huangalia pumzi yake, mapigo ya moyo, nguvu ya damu, na rangi ya midomo yake.

Sasa twarudi kwenye ile ndizi. Tumboni mwetu mna maji makali yanayosaga chakula. Tumbo likiwa limejaa, chakula pamoja na maji hayo chaweza kupanda kooni wakati mgonjwa amelala, kikashuka katika mapafu. Vipande vya chakula huziba njia ya pumzi, na maji makali huunguza mapafu. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson, wa New York, alieleza habari za wanawake waliopatwa na jambo hilo walipolazwa kwa dawa wakati wa kuzaa. Wengine waweza kufa kwalo, hata kama kazi ya kisu imekwenda vizuri. Ndiyo sababu tumbo linatakiwa kuwa tupu.

Je, ni muda gani? Kwa kawaida mgonjwa huacha kula saa 6 kabla ya dawa, na zaidi ikiwa chakula kina mafuta mengi. Mtoto anyonyaye huacha maziwa ya mama saa 4 kabla. Maji safi huruhusiwa mara nyingi mpaka saa 2 kabla. Lakini chai ya maziwa si maji, wala uji si maji. Fuateni saa mtakazoambiwa na daktari wenu. Hata yule atakayetiwa ganzi ya mgongo hukatazwa kula, kwa sababu yaweza kutokea kwamba ganzi haitoshi, ikalazimu kumlaza.

Na kama mgonjwa amekwisha kula? Semeni kweli! Kazi isiyo ya haraka itaahirishwa. Ikiwa ni ya haraka, daktari ana njia za kuilinda pumzi ya mgonjwa, lakini hawezi kumlinda na jambo alilofichwa. Vilevile mwambieni dawa zote mgonjwa anazotumia, hata za miti shamba, na kama yeye au ndugu yake amewahi kudhuriwa na dawa ya usingizi. Meno yanayolegea nayo yatajwe.

Huruma ya yule bibi ilikuwa njema, ila ilikosa njia. Si vizuri mtoto ateswe na njaa kupita inavyolazimu, mzazi ana haki ya kuuliza: «Mtoto wangu aweza kunywa maji mpaka saa ngapi?» Kuuliza hivyo ndiyo huruma yenye akili.

Kesho yake tulirudi hospitalini. Bibi alikuwa amekaa kando ya kitanda, na mtoto amekwisha kupasuliwa, amefumbua macho. Ndizi ilikuwa mkononi mwa bibi, haijamenywa bado. Alikuwa akimngoja mwuguzi, apate kumwuliza kama saa imefika.